Ulinzi Ulio Sehemu ya Tiba: Utangulizi

Alfajiri ya tarehe 9 Februari 1971, tetemeko la ardhi lilipiga bonde la San Fernando, California. Katika hospitali ya wanajeshi wastaafu huko Sylmar, majengo ya miaka ya 1920, yaliyotangulia kanuni za kuhimili matetemeko, yaliporomoka na kuua watu zaidi ya 40. Miongoni mwao walikuwamo watu walionusurika vitani, mauti yakawakuta walikokwenda kutibiwa.

Baada ya msiba huo, serikali ya Marekani ilikagua hospitali zake za wanajeshi wastaafu zilizo katika maeneo ya matetemeko na kuziwekea masharti mapya ya ujenzi. Masharti hayo yalidai zaidi ya ukuta usioanguka. Hospitali ilitakiwa iweze kutibu majeruhi baada ya ardhi kutulia, na hilo halifanyiki bila umeme, maji na oksijeni. Hapo ndipo fani ninayokukaribisha kuisoma, ya ulinzi wa hospitali, ilipojifunza swali lake kuu: siku ya balaa, tiba itaendeleaje?

Idara inayowahudumia wanajeshi wastaafu wa Marekani ina hospitali zipatazo 170 na zahanati zaidi ya 1,000, pamoja na polisi wake. Wagonjwa wake wengi ni wazee. Wapo waliokatwa miguu, wapo vipofu, na wapo ambao vita bado vinawasumbua akilini. Mpango wa kuhamisha watu wenye afya njema hauwafai hawa. Lazima ijulikane mapema nani atabebwa, nani anapumua kwa mashine, na ni nani atakayefuatana naye.

Kumbukumbu za mgonjwa nazo zinataka kuokolewa. Kimbunga Katrina kilipoizamisha New Orleans mwaka 2005, hospitali ya wanajeshi wastaafu ya mji huo ilihamishwa. Lakini taarifa za wagonjwa zilikuwa kwenye kompyuta, na nakala zake zilipelekwa Houston. Baada ya siku chache, daktari wa mji mwingine aliweza kujua mgonjwa aliyehamishwa anatumia dawa gani. Wagonjwa wengi wa hospitali nyingine, ambao mafaili yao yalikuwa ya karatasi, hawakuwa na bahati hiyo.

Hata hivyo, hatari nyingi hazitangazwi na watabiri wa hali ya hewa. Ingia wodi ya wagonjwa wa akili, utazame bawaba za mlango, ndoano ya kutundikia taulo na bomba la bafuni. Mtu aliyekata tamaa anaweza kujinyonga kwa vitu hivyo. Kuanzia mwaka 2007, hospitali za wanajeshi wastaafu zilianza kukagua wodi kwa orodha maalumu, kitu kimoja baada ya kingine, na kuondoa au kubadilisha vya hatari. Vifo vya kujiua wodini vilishuka kutoka takriban 4 hadi chini ya 1 kwa kila wagonjwa 100,000 waliolazwa. Fundi aliyebadilisha ndoano aliokoa maisha sawa na daktari.

Vipi kuhusu mgonjwa mwenye fujo? Hospitali ya wanajeshi wastaafu ya Portland, Oregon, katika miaka ya 1980, iliweka alama katika mafaili ya wagonjwa waliowahi kuwashambulia watumishi. Mgonjwa wa namna hiyo alipofika, watumishi walijua na kujiandaa, kisha akatibiwa. Matukio ya vurugu kwa wagonjwa hao yalipungua kwa zaidi ya asilimia 90.

Karibu, basi, katika fani inayomhitaji mhandisi, muuguzi, askari na mtaalamu wa kompyuta wakae meza moja. Utajifunza kuhusu jenereta, milango, kengele na mazoezi ya dharura. Kila utakapopendekeza kufuli mpya au mlinzi wa ziada, uliza kwanza kama mgonjwa atafikiwa na tiba kwa urahisi zaidi au kwa shida zaidi. Ulinzi unaomkimbiza mgonjwa umeshindwa kazi yake, hata kama hakuna kilichoibwa.