Mlo wa Mtumishi wa Chama Wakati wa Msimu: Shauri kwa Wasiopenda Kupika

Msimu wa ununuzi wa pamba, ambao kwa kawaida hufunguliwa mwezi Mei, huleta shughuli nyingi katika vyama vya msingi vya Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Wakulima hufika ghalani alfajiri na mizigo yao. Karani wa mizani husimama tangu asubuhi hadi jua kuzama, Katibu huandika stakabadhi bila kuinua kichwa, na mlinzi hukesha. Watu hawa watatu hubeba dhamana ya jasho la wanachama wote. Hata hivyo, mara chache sana vikao vya bodi huuliza swali hili dogo: je, wamekula nini leo?

Jibu linajulikana na wengi. Asubuhi ni chai yenye sukari nyingi pamoja na maandazi mawili. Mchana, foleni ikiwa ndefu, ni chai tena. Usiku, mwili ukiwa umechoka, ni chochote kinachopatikana kwa mama lishe kwa mkopo, au kulala na njaa. Mlo wa namna hiyo hushibisha kwa muda mfupi tu. Ifikapo saa tisa alasiri macho huwa mazito, na tarakimu za mizani huanza kuchanganyika na zile za stakabadhi. Kilo 68 zikiandikwa 86, chama hulipa pamba ambayo hakikupokea. Zikiandikwa kinyume chake, mkulima hudhulumiwa bila mtu kukusudia. Tena wahenga walisema kwamba mwenye njaa hana miiko. Deni la chakula linapokua mpaka mwisho wa mwezi, sanduku la ushuru wa chama huanza kutazamwa kama jirani mwema wa kukopa kwake. Upungufu mdogo wa fedha unaweza kuanza kwa sahani moja ya wali.

Kutopenda kupika si kosa

Wako watumishi wanaume walioambiwa tangu utoto kwamba mafiga si mahali pao. Wako pia watumishi wanawake ambao, baada ya kupikia jamaa zao kwa miaka mingi, hawana tena hamu ya kusimama jikoni wakitoka kazini. Haifai kuwakemea watu hawa. Kinachofaa ni kuwaonyesha mlo ambao hauhitaji ufundi, hautumii zaidi ya sufuria mbili, na unaweza kurudiwa kila siku bila kufikiri. Mtu asiyependa kupika huchoshwa zaidi na kuamua apike nini kuliko kupika kwenyewe. Akiwa na mpango mmoja uliokwisha kuamuliwa, nusu ya mzigo huondoka.

Fundisho hili si geni nchini. Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na mwaka 1975 wananchi vijijini walikusanyika katika vikundi kusikiliza redioni mafunzo ya kampeni iliyoitwa Chakula ni Uhai. Msingi wa mafunzo ya lishe haujabadilika: mlo uwe na chakula cha kutia nguvu, yaani nafaka au mizizi, chakula cha kujenga mwili, yaani jamii ya kunde, samaki, maziwa au nyama, mboga za majani, tunda, na mafuta kidogo. Vyote hivyo vinapatikana katika minada ya Simiyu, na vingi vyake havihitaji jokofu.

Mpango wa siku moja

Asubuhi: uji wenye karanga. Chukua nusu kikombe cha unga wa mtama au ulezi, ukoroge kwa maji baridi, kisha umimine katika vikombe vitatu vya maji yanayochemka. Koroga kwa dakika kumi. Tia konzi moja ya karanga zilizokaangwa na kutwangwa. Uji unaobaki uwekwe katika chupa ya chai ukiwa wa moto, unywewe saa nne badala ya maandazi. Karanga huongeza mafuta na protini, kwa hiyo njaa hukawia kurudi.

Mchana: choroko na michembe. Huu ndio mlo wa mtu mvivu kwa maana nzuri ya neno hilo. Nusu kikombe cha choroko zilizochaguliwa na kuoshwa, pamoja na michembe vikombe viwili, huchemshwa pamoja katika sufuria moja mpaka vilainike. Ongeza kitunguu, nyanya, chumvi kidogo na kijiko cha mafuta. Asiye na michembe atumie kikombe kimoja cha mchele, akiutia baada ya choroko kuanza kulainika. Kunde na dengu nazo zafaa, ila hizo zilowekwe usiku kucha, nayo maji ya kulowekea yamwagwe, ili zisile kuni nyingi.

Jioni: ugali, dagaa na mboga kavu. Dagaa wa Ziwa Victoria, konzi moja kubwa, huoshwa kwa maji ya moto ili kuondoa mchanga. Mboga kavu ambazo Wasukuma huziita nsansa huchemshwa mpaka zilainike, dagaa hutiwa humo, kisha konzi ya karanga zilizotwangwa hufuata. Baada ya dakika kumi mboga iko tayari. Ugali wa vikombe viwili vya unga wa mtama au mahindi hukamilisha mlo. Dagaa huliwa pamoja na mifupa yake, na hivyo mlaji hupata madini ya chokaa yanayoimarisha mifupa.

Tunda moja kwa siku lisikosekane: papai, embe, chungwa, au ubuyu wa kumung'unya. Limau likikamuliwa juu ya choroko husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo. Chai, kwa upande wake, huzuia madini hayo, na kwa sababu hiyo yafaa inywewe saa moja au zaidi baada ya kula, wala si pamoja na chakula. Chumvi yote ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai.

Kikapu kinachopika chenyewe

Katibu hawezi kusimama karibu na jiko huku wakulima wakimngoja. Lipo jambo rahisi la kumsaidia. Sufuria ya choroko ichemshwe nyumbani asubuhi kwa muda wa dakika ishirini, ikiwa na maji ya kutosha na mfuniko unaobana. Ikiwa bado inatokota, iingizwe katika kikapu kilichotandikwa blanketi kuukuu au nyasi kavu chini na pembeni, kisha ifunikwe kwa mto au blanketi jingine. Joto lililofungiwa humo huendelea kuivisha chakula bila kuni wala mkaa. Baada ya saa mbili au tatu choroko huwa zimelainika. Kikapu kisifunguliwe ovyo, maana kila kukifungua ni kupoteza joto. Chakula kikikutwa cha uvuguvugu tu, kichemshwe tena mpaka kitokote kabla ya kuliwa.

Kanuni moja ishikwe sana: chakula kilichopikwa asubuhi kimalizike jioni ya siku hiyo hiyo, nacho kichemshwe tena kabla ya kuliwa jioni. Kisilazwe mpaka kesho yake kwa kusudi la kuokoa senti. Ugonjwa wa tumbo wa siku mbili katikati ya msimu ni ghali kuliko kikombe cha choroko.

Hatari nne za ghalani

Kwanza, moto. Pamba hushika moto upesi sana, nayo huweza kufukuta ndani kwa muda mrefu kabla ya moshi kuonekana. Jiko la mkaa au mafiga visiwekwe kamwe ndani ya ghala wala katika baraza lake. Jiko liwe mbali, upande ambao upepo hautapeleka cheche ghalani, na ndoo ya maji au mchanga iwe karibu. Mlinzi asipike wala kuota moto wa mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, kwa kuwa hewa yake huua mtu akiwa usingizini.

Pili, dawa za kuulia wadudu wa pamba. Chupa, kopo au ndoo iliyowahi kutiwa dawa isitumiwe kuwekea mafuta ya kula, maziwa au maji, hata ikioshwa mara kumi. Chakula kisihifadhiwe katika chumba kimoja na dawa au mabomba ya kupulizia, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula.

Tatu, mbegu za pamba. Mbegu ghafi zina sumu ya asili iitwayo gosipoli, na zile za kupandia aghalabu hutiwa dawa. Mafuta ya pamba ni salama yakiwa yamesafishwa kiwandani. Mtu asijikamulie mwenyewe nyumbani.

Nne, ukungu. Karanga na mahindi yaliyoota ukungu, kubadilika rangi au kusinyaa yanaweza kuwa na sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kupika kwa kawaida hakuiondoi. Karanga zichaguliwe moja moja, na mbovu zitupwe. Asipewe kuku wala ng'ombe.

Mahitaji ya siku sita

Mtu mmoja, kwa siku sita za kazi, atahitaji takriban: unga kilo 2, choroko robo tatu ya kilo, michembe au mchele kilo 1 na nusu, karanga nusu kilo, dagaa robo kilo, mafuta robo lita, mboga kavu za kutosha milo sita, pamoja na chumvi, nyanya, vitunguu, malimau na matunda. Bei hazikuandikwa hapa kwa sababu hutofautiana baina ya mnada na mnada. Kila mtumishi achukue daftari, aandike upande mmoja gharama ya vitu hivi sokoni kwake, na upande wa pili aandike alichotumia mgahawani kwa siku sita zilizopita. Hesabu hiyo itamshauri kuliko hotuba yoyote.

Wajibu wa bodi

Vyama vinavyotaka kuwalisha watumishi wao mchana wakati wa msimu vifanye hivyo kwa utaratibu. Kifungu cha chakula kiingizwe katika makisio ya matumizi na kupitishwa na mkutano mkuu kabla ya msimu kuanza. Manunuzi yafanywe kwa jumla baada ya mavuno, wakati choroko na karanga ziko kwa wingi, na ikiwezekana yafanywe kwa wanachama wenyewe. Kila ununuzi uwe na stakabadhi, na chakula kiandikwe katika leja ya vifaa kama kitu kingine chochote cha chama. Chama kisicho na uwezo huo kinaweza angalau kutoa kikapu, sufuria yenye mfuniko, na nusu saa ya mapumziko ambayo mizani husimama, tena saa yake ibandikwe ukutani ili wakulima wajue.

Mkulima aliyengoja mwaka mzima kupima pamba yake anastahili kukutana na karani mwenye macho yaliyo wazi. Kikombe cha choroko kilicholala katika kikapu tangu asubuhi ni sehemu ya uaminifu wa mizani hiyo.