Povu ni ile ile: namna ya kuchagua mashine ya kusafisha akwariumu ya bahari



Mutu mwenye alishafanya kazi ku flotasioni, hata mwaka mumoja tu, anajua kusoma povu. Anaangalia rangi yake, uzito wake, namna inapanda na namna inaanguka. Mbele laboratuari iseme neno, yeye anajua kama leo kazi inaenda ao haiendi. Ile akili haiandikwe ku diplome, na mara nyingi hailipwe. Leo tunapenda kuonyesha kama inatumika hata fasi yenye wengi hawawezi kuiwazia: mu akwariumu ya bahari.

Ulizo lilifika kwetu mu biro ya sindika. Ndugu mumoja, mwenye alitoka ku konsantratere, sasa anatunza nyumba ya mukubwa fulani. Mu salo muko akwariumu ya mayi ya chumvi, litri 400, yenye samaki wa rangi rangi na korali, ile wenzetu wa pwani ya Kenya na Tanzania wanaita matumbawe. Mashine ya kusafisha imekufa. Mukubwa amemuambia atafute ingine na aseme gani ya kununua. Akichagua mubaya, samaki watakufa na lawama itakuwa juu yake. Na bei ya mashine moja ya muzuri inaweza kupita mushahara wake wa mwezi muzima. Tena, kati yetu muko wenye wako na watoto ku Ubelgiji ao Afrika ya Kusini, kule kufuga samaki wa bahari mu nyumba ni jambo la kawaida. Basi tunajibu kwa wote.

Mashine hii inafanya nini?

Kwa Kifaransa wanaiita ekimeri. Sisi tutaiita mashine ya povu, juu njo kazi yake.

Samaki anakula na anachafua mayi. Chakula kingine kinabakia. Korali nazo zinatoa ute. Mu ile yote muko protini na mafuta. Ukiacha, bakteria zinaozesha ule uchafu: unakuwa amonia, kisha nitriti, kisha nitrati. Amonia na nitriti ni sumu kwa samaki. Nitrati ikizidi, korali zinazoofika na majani ya mayi yanafunika kila kitu. Mashine ya povu inakamata uchafu mbele uoze. Kukamata mbele, haiko kutengeneza kisha: njo samani yake.

Inaukamata namna gani? Chembe ya protini iko na upande wenye kupenda mayi na upande wenye kukimbia mayi. Ule wenye kukimbia unatafuta hewa. Mashine inasaga hewa ndani ya mayi, inakuwa viputo, vile vipira vidogo vya hewa, vidogo kuliko milimetre moja. Protini inajishikiza ku kiputo na kupanda nacho. Povu inajikusanya mu shingo ya mashine, mayi safi inateremuka, uchafu unabakia juu na kumwangika mu kikombe.

Wenye walifanya kazi ku flotasioni wameshaanza kucheka. Ni povu ile ile! Tofauti iko mbili tu. Ya kwanza: ku kiwanda, jiwe halipendi hewa lenyewe. Tunatia dawa ili chembe za shaba zikimbie mayi. Kwa sulfiri tunatia zantati. Kwa malakite, ku Kolwezi walitumikisha hata mafuta ya ngazi yenye kutengenezwa. Mu akwariumu hakuna dawa ya kutia, juu protini inashika hewa yenyewe. Ya pili: ku kiwanda tunachukua povu na tunatupa yenye kubakia. Mu akwariumu tunatupa povu na tunachunga yenye kubakia.

Undugu huo haushangaze. Mu 1877, ndugu wawili wa jamaa Bessel, ku Dresden mu Ujerumani, waliandikisha haki ya kusafisha grafiti kwa viputo. Mwanzo wa karne ya 20, flotasioni ikakomaa ku migodi ya Broken Hill, Australia. Ni mu miaka ya 1960 tu njo wafugaji wa samaki ku Ujerumani walianza kuweka mashine ya povu mu akwariumu zao. Wachimba migodi walitangulia.

Kwanza ujue ni mayi gani

Mashine hii ni ya mayi ya chumvi, sawa ile ya bahari, yenye gramu karibu 35 za chumvi mu litri moja. Chumvi inazuia viputo visiungane. Mu mayi tamu viputo vinaungana, vinakuwa vikubwa, vinapanda mbio, havikamate kitu.

Kwa hiyo, ule mwenye kufuga samaki wa Ziwa Tanganyika, wale wa kwetu wa Moba na Kalemie wenye wanapendwa mpaka Ulaya, asinunue mashine hii. Tanganyika ni mayi tamu. Filtre ya kawaida na kubadilisha mayi inatosha. Muuzaji anaweza kunyamaza, sisi tunasema.

Mambo sita ya kuangalia

*Moja: namba ya ku etiketi.* Kama wameandika "mpaka litri 1000", waliwaza akwariumu yenye samaki wachache, wenye kula kidogo. Kama samaki ni wengi, kata ile namba katikati. Kwa litri 400 zenye samaki wengi, tafuta mashine yenye etiketi inasema karibu 800. Lakini usipite mupaka. Mashine kubwa sana mu akwariumu ndogo ni hasara pia: protini ni kidogo, shingo ni pana, povu haisimame. Leo inapanda, kesho hakuna. Ni sawa na selule yenye kupokea jiwe kidogo: povu inapasuka mbele ifike ku mudomo.

*Mbili: hewa na umeme.* Uliza mashine inavuta litri ngapi za hewa kwa saa, na inakula wati ngapi. Kati ya mbili zenye kuvuta hewa sawa, chagua yenye kula wati kidogo, juu itafanya kazi muchana na usiku, mwaka muzima. Nyingi za leo ziko na turbini yenye sindano sindano, yenye kukata hewa kuwa viputo vidogo. Kuko pia ya bei chini, yenye kipande cha mbao cha kupulizia hewa. Inafanya kazi, lakini ile mbao inaziba na lazima kuibadilisha mara kwa mara. Hesabu ile garama pia.

*Tatu: fasi.* Mashine nyingi zinakaa mu sanduku la chini, ndani ya kabati. Chukua metre, pima. Usipime urefu wa mashine peke yake; pima na fasi ya kutoa kikombe kwa juu. Wengi wamenunua mashine muzuri yenye kikombe hakitoke. Kisha angalia kimo cha mayi. Kila mashine iko na kimo chenye inapenda, mara nyingi kati ya sentimetre 15 na 25, na kimeandikwa mu kitabu chake. Kimo kikipanda ao kikishuka, povu inageuka. Mutu wa flotasioni hahitaji kufundishwa jambo hilo. Weka mashine mu chumba cha sanduku chenye mayi haibadilishe kimo.

*Ine: kusafisha.* Mafuta yenye kujishikiza mu shingo yanaua povu. Kila siku mbili ao tatu, lazima kupanguza. Kwa hiyo kikombe kitoke kwa mukono, bila tornavisi. Pompi nayo ifunguke bila shida, juu kila miezi michache unapaswa kuiloweka mu siki, ile vinegre ya ku jiko, ili chokaa itoke. Mashine yenye kusumbua kusafisha haitasafishwa, na mashine chafu haikamate kitu.

*Tano: vipande.* Turbini itavunjika siku moja. Uliza mbele ya kulipa: turbini peke yake inauzishwa? Inatoka wapi, inafika kisha siku ngapi? Afazali mashine ya kawaida yenye vipande vinapatikana kuliko ya ajabu yenye inakufa na kipande cha dola tano.

*Sita: delestaji.* Huku kwetu hili njo la kwanza. Umeme ukikatika, mashine ya povu inasimama, na mayi inaanza kukosa hewa, juu mashine ile inapulizia pia. Samaki wanakufa kwa kukosa hewa mbele ya kufa na njaa. Weka pompi ndogo ya hewa yenye batri. Tena, umeme ukikatika, mayi yenye ilikuwa mu tiyo inateremuka mu sanduku la chini, kimo kinapanda. Umeme ukirudia, mashine inafurika na kurudisha uchafu wote mu mayi, ao kumwanga ku tapi ya mukubwa. Kwa hiyo chagua yenye kikombe kiko na katiyo ka kutoa uchafu, ukapeleke mu bidoni. Na uwashe pompi kubwa kwanza, ungoje dakika kumi, njo uwashe mashine ya povu.

Shaba hapana!

Hapa, sisi watu wa shaba, tusikilize muzuri. Shaba yenye kutulisha ni sumu kwa korali na kamba. Kuko dawa ya kuua vijidudu vya samaki yenye kutengenezwa na shaba: miligramu karibu 0,2 tu mu litri. Samaki anavumilia, korali na kamba hawavumilie. Dawa ile inatumika paka mu chombo cha pembeni, kamwe mu akwariumu yenye korali, juu shaba inaingia mu mawe na kutoka tena polepole kisha siku nyingi.

Kwa hiyo: hakuna robine ya shaba ya njano, hakuna tiyo ya shaba, hakuna waya wazi wenye kugusa mayi. Mashine yote iwe ya plastiki. Mayi ya ku robine ipitishwe kwanza mu filtre ya osmozi mbele ya kutia chumvi. Na mutu mwenye ametoka ku kazi na vumbi ya jiwe ku mikono, anawe na kusuuza muzuri mbele ya kuingiza mukono. Sabuni, krema na mafuta ya ngozi navyo vinaua povu mara moja, sawa vile grese ikianguka mu selule.

Siku za kwanza, na kusoma povu

Mashine mupya haifanye kazi muzuri siku ya kwanza. Plastiki iko na mafuta ya kiwanda. Ioshe na mayi ya moto kidogo na siki, suuza, kisha ungoje siku chache, wakati mwingine wiki moja ao mbili. Usikimbie kuirudisha, na usikubali mutu aseme ulichagua mubaya mbele ule wakati upite.

Kisha, soma povu. Povu kavu, nyeusi, yenye kunuka, inatoa uchafu muzito lakini kidogo. Povu yenye mayi, rangi ya chai, inatoa uchafu mwingi lakini inachukua pia mayi ya chumvi. Ku kiwanda tunajua ile: ukitaka konsantre safi sana, unapoteza shaba, ukitaka kukamata shaba yote, konsantre inashuka. Tafuta katikati. Geuza robine kidogo, ngoja siku moja, angalia, njo ugeuze tena. Ule wenye kugeuza kila saa hatajua kamwe kitu gani kilitengeneza na gani kiliharibu.

Na usiombe mashine kazi yenye haiko yake. Haitoe nitrati yenye imeshakuwa. Haitoe mawe, haitoe shaba yote. Kubadilisha mayi, tuseme asilimia 10 kila wiki, kunabakia.

Jibu letu

Kwa ndugu yetu: mashine ya turbini ya sindano, ya sanduku la chini, yenye etiketi ya litri karibu 800, kikombe chenye katiyo, na turbini yenye kuuzishwa peke yake. Upime kabati mbele. Kisha andika ku karatasi: sababu za kuchagua, garama za pompi ya batri, na kama mashine itangojwa wiki mbili mbele ya kuhukumiwa. Umupe mukubwa aitie sinyature, na ubakie na kopi. Hata kazi ya nyumbani ni kazi.

Na kwetu wote, jambo moja. Kuko watu wenye kulipa feza mingi ili litri 400 za mayi zisioze mu salo. Wanafanya muzuri. Lakini wamekubali kanuni: uchafu unakamatwa mbele, haiko kisha samaki kufa. Kanuni ile ile ni ya mayi yenye inatoka ku viwanda na kuenda mutoni, fasi bamama wanafulia na watoto wanaogea. Delegue iko na kiti mu komite ya usalama na usafi wa fasi ya kazi, yenye Kodi ya Kazi ya 2002 iliweka. Mu mukutano wenye kuja, aulize apewe matokeo ya kupima ile mayi, kwa maandishi. Watu wenye kusoma povu wanaweza kusoma na karatasi.