Umempata Daktari wa Meno Mtandaoni? Soma Hii Kabla ya Kutuma Pesa

Siku hizi madaktari wa meno wengi wako TikTok na Instagram. Wanaonyesha jino kabla na baada ya kuzibwa, na wanaeleza kwa nini ufizi hutoka damu. Ni jambo zuri. Ukielewa mapema, hata kile kiti hukiogopi sana.

Shida ni kwamba picha hizo mtu yeyote anaweza kuziiba. Unaona tangazo la waya za kunyoosha meno kwa bei ya kutupa, unauliza, unajibiwa: "Tuma nusu kwa namba hii tukuwekee nafasi." Ukituma tu, unablokiwa. Na hata ukimpata, kama hakusomea, waya zikivuta vibaya jino linaweza kulegea.

Kwa hivyo, tunakushauri hivi:

- Uliza jina kamili la daktari, kisha litafute kwenye rejista ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari wa meno Kenya. Iko kwenye tovuti yao.
- Usilipie waya kabla ya kuchunguzwa. Bei ya kweli hutoka baada ya daktari kuona meno yako.
- Lipa kwa till au paybill ya kliniki, na usome jina kabla ya kukamilisha malipo. Likija jina la mtu usiyemjua, wacha.
- Weka ujumbe wa malipo na uitishe risiti.

Umeshatuma na umeshtuka? Tupigie saa hiyo hiyo. Pesa ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni kazi ngumu.