Nafasi Tupu za Mendeleev

Wanafunzi wengi huliogopa jedwali la elementi. Huliona kuwa ni orodha ndefu ya majina magumu, ya kukariri kwa ajili ya mtihani na kusahau baadaye. Mimi nataka kueleza kwamba jedwali hili si orodha, bali ni mpango. Na ajabu yake kubwa ilikuwa katika nafasi zilizoachwa tupu.

Elementi ni kitu kisichoweza kugawanyika kikawa vitu vingine kwa njia za kemia, kama vile chuma, shaba, dhahabu na oksijeni. Katika miaka ya 1860 wataalamu walikwisha kuzijua elementi zaidi ya 60, pamoja na uzito wa atomu zake, lakini hawakuwa na mpango mmoja uliokubaliwa na wote.

Mwaka 1865 Mwingereza John Newlands alizipanga kwa uzito, akaona kwamba kila ya nane hufanana na ya kwanza, kama sauti za muziki. Lakini alijaza kila nafasi. Kobalti na nikeli akaziweka mahali pamoja. Alipowasomea wanakemia wa London habari hiyo mwaka 1866, mmoja wao alimwuliza kwa dhihaka kama amejaribu pia kuzipanga kwa alfabeti.

Mwaka 1869 Mrusi Dmitri Mendeleev, mwalimu wa Chuo Kikuu cha St Petersburg, alitoa jedwali lake la elementi 63. Naye alifuata uzito, akiziweka zenye tabia moja katika ukoo mmoja, kama lithiamu, sodiamu na potasiamu. Lakini pale ambapo hapakuwa na elementi iliyofaa, hakulazimisha, aliacha nafasi. Tena mwaka 1871 alieleza tabia za zile zilizokosekana. Hapo aliliweka jina lake hatarini, maana kama zingeonekana na tabia nyingine, angechekwa kuliko Newlands.

Mwaka 1875 Mfaransa Lecoq de Boisbaudran aligundua galiamu, ndugu wa aluminiamu. Alipima akapata gramu 4.7 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Mendeleev, ambaye hakupata kuiona hata chembe, akaandika kwamba haina budi kuwa karibu na 5.9. Ikasafishwa na kupimwa tena, ikawa 5.9! Kisha skandiamu ilionekana Uswidi mwaka 1879, na jerimaniamu Ujerumani mwaka 1886. Zote zilikaa katika nafasi zao.

Fumbo moja lilibaki. Teluriamu ni nzito kuliko iodini, lakini Mendeleev aliitanguliza, kwa kuwa iodini ni ndugu wa klorini. Mwaka 1913 Henry Moseley alionyesha kwa eksirei kwamba mpango wa kweli hufuata idadi ya chaji katika kiini cha atomu, wala si uzito. Teluriamu ina 52, iodini 53. Leo elementi zinazojulikana ni 118, na mistari yote 7 imejaa.

Basi, ndugu zangu wa madarasa ya chini, msianze kwa kukariri majina. Anzeni na koo. Ukiulizwa katika mtihani habari za elementi usiyopata kuiona, tazama ndugu zake wa juu na wa chini, kama alivyofanya Mendeleev.