Makaa, Mchanga na Mpangaji Asiyetaka Kuhama

Jioni sokoni Siakago, muuza mahindi ya kuchoma hupepea jiko kwa kipande cha katoni mpaka makaa yageuke mekundu. Tusichokiona ni hewa inayotoka humo. Sehemu ya kaboni ya makaa hupata oksijeni pungufu, ikawa kaboni monoksidi, hewa ileile inayoua waliolala na jiko chumbani. Hewa hiyo ina njaa ya oksijeni na huinyang'anya popote inapoweza.

Wahunzi wa nyanda za Mlima Kenya waliitumia njaa hiyo zamani. Walichota mchanga mweusi wenye chuma vijitoni, wakauchoma pamoja na makaa huku mivukuto ikipuliza. Joto likikaribia nyuzi 1,200 za Selisiasi, chuma kilikuwa kimeshaachana na oksijeni yake.

Kenya ina mchanga mwingine mkaidi zaidi. Kwale, kampuni ya Base Titanium ilichimba ilmenaiti, rutaili na zirikoni hadi Desemba 2024, na shehena zikapakiwa melini Likoni. Zirikoni ikiondolewa silika hubaki zirkonia, yaani oksidi ya zirikoniamu, unga mweupe ambao pia hutengenezewa meno bandia. Ukichanganya unga huo na kaboni, hakuna kikubwa kitakachotokea katika joto la mhunzi. Kwa shinikizo la kawaida, kaboni huanza kushinda kwenye nyuzi 1,650 hivi, ndiyo maana maabara hutumia matanuri yasiyo na hewa ya kawaida, yenye joto kubwa zaidi.

Hesabu yake ni nyepesi. Kila zirkonia moja huhitaji kaboni tatu: mbili huondoka na oksijeni, ya tatu huhamia palipoachwa wazi. Hapo ndipo kabidi ya zirikoniamu huzaliwa. Lakini si oksijeni yote inayokubali kuondoka.

Fikiria ploti ya vyumba vya kupanga. Kuta zake ni atomu za zirikoniamu, zimepangwa kama zilivyopangwa atomu katika fuwele ya chumvi ya mezani. Kila chumba kimezungukwa na zirikoniamu sita. Vyumba vingi vina kaboni, vichache bado vina oksijeni, na vingine ni vitupu. Ploti yenye wapangaji mchanganyiko namna hiyo ndiyo oksikabidi ya zirikoniamu. Hata unga wote wa zirkonia ukishaisha, oksijeni hubaki ndani ya fuwele, na huhitaji moto zaidi na kaboni ya ziada ili ipungue. Eksirei humfichua mpangaji huyo, kwa sababu oksijeni ikiongezeka ploti nzima hubana kidogo.

Wapangaji ndio wanaoamua tabia ya nyumba. Kabidi yenye kaboni ya kutosha ni ngumu, hupitisha umeme kama metali, na huyeyuka baada ya nyuzi 3,400. Ndiyo maana wahandisi wa nyuklia huichunguza kama ganda la kufunika punje za mafuta ya vinu. Oksijeni na vyumba vitupu huvuruga safari ya joto ndani ya fuwele. Hata hivyo, unga wenye oksijeni zaidi hushikana kwa urahisi unapochomwa uwe kipande kigumu, hivyo mtengenezaji hupata huku akipoteza kule. Udhaifu mkubwa wa kabidi hiyo ni hewa: ikiachwa wazi kwenye joto la nyuzi mia tano au sita tu, kabidi huanza kurudi kuwa zirkonia.

Kwa hiyo usiliamini jina lililoandikwa kwenye chupa ya unga. Uliza oksijeni iliyobaki ni kiasi gani. Unga wa chupa mbili zenye jina moja huweza kutenda tofauti kabisa tanurini.

Nawe mwalimu wa kemia wa Siakago, somo hili usilianzie ubaoni. Wapeleke wanafunzi kwa muuza mahindi, kisha wasimulie habari za mhunzi na mchanga wa Kwale. Ila jiko libaki nje, kwenye upepo.