Mkono usiohisi maumivu: namna ya kuukinga dhidi ya madhara ya ukoma

Mtu akigusa sufuria ya moto, mkono hurudi nyuma kabla hata hajafikiri. Maumivu ndiyo huuamuru urudi. Sasa mfikirie mama anayegeuza chapati kwa vidole kama alivyozoea miaka yote. Siku moja anasikia harufu ya kitu kinachoungua. Anatazama jikoni, anatazama sakafuni, kisha anagundua kwamba kinachoungua ni kidole chake mwenyewe. Hakuhisi chochote.

Magonjwa kadhaa yanaweza kuufikisha mkono katika hali hiyo. Makala haya yanazungumzia moja ambalo wakaazi wengi hudhani liliisha enzi za mababu: ukoma, ambao baadhi ya wazee wa Pwani huuita matana. Ukoma ungalipo nchini Kenya. Wagonjwa wapya bado hupatikana, hasa katika kaunti za Pwani kama vile Kilifi na Kwale, na katika kaunti zilizo karibu na Ziwa Victoria kama vile Busia, Siaya na Homa Bay. Kwa kuwa idadi yao ni ndogo ikilinganishwa na zamani, mgonjwa anaweza kuzunguka kwa muda mrefu na baka lake, akipewa mafuta ya kupaka na dawa za choa, bila yeyote kuushuku ukoma. Muda huo ndio unaoharibu mikono.

Kuna jambo moja ambalo kila mkaazi anafaa kulielewa. Dawa za ukoma huua bakteria wanaosababisha ugonjwa na mtu akapona kabisa. Lakini dawa hizo hazirudishi hisia ambazo zilikwisha kupotea kwa muda mrefu. Kwa hiyo anayefika mapema huokoa mikono yake, na aliyechelewa huhitaji kujifunza namna ya kuilinda kila siku.

Ukoma hufanya nini mkononi?

Ukoma husababishwa na bakteria aliyegunduliwa mwaka 1873 na daktari wa Norway, Gerhard Armauer Hansen. Bakteria huyo huzaana polepole sana. Dalili zinaweza kuchukua takriban miaka 5 kujitokeza, na wakati mwingine miaka 20 au zaidi. Hupenda sehemu za mwili zilizo na ubaridi kidogo, yaani ngozi na mishipa ya fahamu, au neva, inayopita karibu na ngozi.

Bila shaka umewahi kugonga kiwiko kwenye meza ukahisi kama umepigwa na stima hadi kwenye kidole cha mwisho. Uliyoigonga ni neva inayopita nyuma ya kiwiko, na ndiyo hushambuliwa na ukoma mara nyingi zaidi mkononi. Ikiharibika, kidole cha mwisho na kile kilicho kando yake hufa ganzi, kisha hujikunja kama makucha. Neva ya pili hupita katikati ya kifundo cha mkono. Hiyo ikiharibika, upande wa kidole gumba hupoteza hisia na mtu hushindwa kushika sindano, kufunga vifungo vya shati au kuhesabu noti. Mara chache neva ya tatu huathirika, na mkono huning'inia kwenye kifundo bila nguvu za kuinuka.

Neva hizo hizo huongoza utoaji wa jasho. Ndiyo maana kiganja kilichoathirika hukauka, ngozi ikawa ngumu na kupasuka. Nyufa hizo haziumi, kwa hiyo mtu huendelea na kazi hadi uchafu unapoingia na kidonda kuoza.

Dalili ambazo hazifai kupuuzwa

Fika katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe ukiona mojawapo ya dalili hizi:

- Baka kwenye ngozi lililopauka au lenye wekundu, ambalo haliwashi, haliumi, na ukiligusa huhisi vizuri.
- Ganzi au hali ya kuchomwachomwa kwenye vidole vya mikono au nyayo.
- Vitu kukuponyoka mkononi, au vidole kuanza kujikunja.
- Malengelenge au majeraha ambayo hujui uliyapata wapi.
- Neva iliyovimba au inayouma ikibonyezwa, hasa nyuma ya kiwiko.

Si kila ganzi ni ukoma. Kisukari, ukosefu wa vitamini, unywaji pombe kupita kiasi, neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono na hata baadhi ya dawa, zikiwemo za kifua kikuu, vinaweza kuleta ganzi pia. Ndiyo sababu ya kwenda kupimwa badala ya kukisia nyumbani.

Kipimo cha kwanza ni rahisi. Mhudumu wa afya atakuomba ufumbe macho, kisha akuguse taratibu kwa pamba au ncha ya kalamu huku wewe ukionyesha mahali ulipoguswa. Atakuomba pia utanue kidole cha mwisho, uinue kidole gumba na uinue kifundo cha mkono huku yeye akivizuia, ili apime nguvu. Panapohitajika, huchukuliwa sampuli ya ngozi kwenda maabara.

Tiba ipo, na ni ya bure

Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipendekeza mchanganyiko wa dawa kwa ajili ya ukoma, na tangu mwaka 1995 dawa hizo zimekuwa zikitolewa bila malipo. Hapa nchini hupatikana kupitia vituo vya afya vya umma. Dawa zenyewe ni tatu: rifampisini, klofazimini na dapsoni. Mgonjwa humeza dozi moja kila mwezi mbele ya mhudumu wa afya, na nyingine humeza nyumbani kila siku. Mwenye mabaka machache hutibiwa kwa miezi 6, na mwenye mengi kwa miezi 12.

Baadhi ya wagonjwa huacha dawa kwa hofu. Rifampisini hufanya mkojo uwe na rangi nyekundu. Hiyo si damu. Klofazimini huweza kuifanya ngozi iwe nyeusi zaidi, na rangi hiyo hufifia polepole baada ya tiba. Lakini ukiona macho yamekuwa ya manjano, ukitokwa na upele mwili mzima au ukiishiwa na nguvu, rudi kituoni mara moja.

Mkono ukiuma ghafla, usingoje siku ya kliniki

Wakati wa tiba, na hata baada ya kuimaliza, mwili unaweza kupambana kwa nguvu na mabaki ya bakteria. Mabaka huwa mekundu na kuvimba, neva huuma, na nguvu za mkono huweza kupungua ndani ya siku chache. Wengi hudhani dawa ndizo zimewadhuru, au kwamba wamerogwa. Hapana. Hiyo ni hali inayojulikana vyema na madaktari, na inahitaji kutibiwa kwa dharura.

Tiba yake ni dawa aina ya predinisoloni, inayotolewa kwa miezi kadhaa chini ya uangalizi. Neva iliyopoteza nguvu au hisia kwa muda usiozidi miezi 6 ina nafasi nzuri ya kupona ikitibiwa hivyo. Baada ya hapo, nafasi hiyo hupungua sana. Usinunue dawa hii dukani wala kuiacha ghafla, na usikatize zile dawa tatu za ukoma.

Vidole havianguki vyenyewe

Kwa karne nyingi watu waliamini kwamba ukoma hula vidole. Mwishoni mwa miaka ya 1940, daktari mpasuaji Mwingereza, Paul Brand, akifanya kazi mjini Vellore nchini India, alianza kuwachunguza wagonjwa wake kwa karibu. Aligundua kwamba vidole vilipotea kwa sababu ya majeraha yasiyouma: moto, vifaa vyenye makali, kushika vitu kwa nguvu kupita kiasi, vidonda vilivyoachwa, na hata panya walioguguna vidole usiku huku mwenyewe akiwa usingizini. Brand pia aliendeleza upasuaji wa kuhamisha kano zenye nguvu ili kunyoosha vidole vilivyojikunja, na upasuaji wa aina hiyo ungali unafanywa.

Ugunduzi huo ni habari njema. Ikiwa ni majeraha yanayoharibu mkono, basi mkono unaweza kulindwa. Macho yanafaa kufanya kazi iliyokuwa ikifanywa na maumivu.

Utunzaji wa kila siku

Kagua. Kila jioni, tazama mikono yako pande zote, katikati ya vidole na kwenye viungo. Tafuta malengelenge, nyufa, wekundu au uvimbe. Macho yakiwa hayaoni vizuri, mwombe mtoto au mwenzako akutazamie.

Loweka. Weka mikono katika maji safi yasiyo ya moto kwa takriban dakika 20. Sugua taratibu ngozi iliyokuwa ngumu kwa jiwe la kusugulia miguu. Usiikate kwa wembe.

Paka mafuta. Kabla maji hayajakauka, paka mafuta ya nazi au mafuta yoyote mazito ya mwilini ili unyevu usitoke.

Nyoosha. Weka mkono juu ya paja, kiganja kikitazama juu. Kwa mkono wa pili, nyoosha vidole vilivyojikunja taratibu hadi ncha, mara kadhaa, asubuhi na jioni. Zoezi hili huzuia viungo visikauke, jambo ambalo lingefanya hata upasuaji uwe mgumu.

Pumzisha kidonda. Ukipata jeraha, lioshe kwa maji safi na sabuni, lifunike kwa kitambaa safi na uache kuutumia mkono huo hadi lipone. Kidonda kisichouma nacho kinahitaji kupumzishwa. Kikitoa usaha, kikinuka au mkono ukivimba, nenda hospitalini siku hiyo hiyo.

Jikoni na shambani

Si lazima mtu aache kazi zake. Anachohitaji ni kubadilisha namna ya kuzifanya.

Epua sufuria kwa kitambaa kikavu na kinene. Kitambaa kilicholowa hupitisha joto. Geuza chapati kwa kijiko bapa na makaa kwa koleo. Tumia kikombe chenye mkono, na usinywe chai kwa kikombe cha bati kisicho na mkono. Kabla ya kuoga au kufua kwa maji moto, mwombe mtu mwingine ayapime joto. Anayevuta sigara anafaa kukumbuka kwamba sigara huchoma vidole vilivyokufa ganzi.

Mpini mwembamba huumiza zaidi kwa sababu nguvu zote hukusanyika mahali pamoja. Zungushia mpini wa jembe, panga, kisu na hata kijiko kitambaa au tyubu kuukuu ya baiskeli mpaka uwe mnene na laini. Mtu asiyehisi hushika kwa nguvu kupita kiasi bila kujua, kwa hiyo simama mara kwa mara, fungua mkono na uutazame. Badilisha kazi kabla ya ngozi kuwa nyekundu.

Usiku, usiache mabaki ya chakula mikononi wala chumbani, na lala ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro. Chandarua huzuia mbu, na huwapunguzia panya nafasi ya kukufikia.

Familia na majirani

Ukoma si laana, si urithi na si adhabu. Hauambukizwi kwa kusalimiana kwa mkono, kukumbatiana wala kuketi pamoja. Inaaminika kwamba huenea kwa matone yatokayo puani na mdomoni, pale mtu anapoishi kwa karibu na kwa muda mrefu na mgonjwa ambaye hajaanza tiba. Hata hivyo, miili ya watu wengi mno hujikinga yenyewe. Mgonjwa anapoanza dawa, huacha kuambukiza. Hakuna sababu ya kumtengea sahani, kumhamishia kibanda cha nyuma au kumkataza asiende sokoni.

Watu wa nyumba moja na mgonjwa wanafaa kuchunguzwa ngozi na neva zao, watoto wakiwemo. WHO inapendekeza dozi moja ya rifampisini kwa watu wa karibu wanaostahiki, ili kupunguza uwezekano wa wao kuugua. Ulizia hilo kituoni.

Aibu ndiyo huwaficha wagonjwa majumbani, na kila mwezi wa kujificha ni mwezi ambao neva zinaendelea kufa. Jirani anayemwambia mwenzake, "Baka hilo tulipeleke likaangaliwe," anaweza kuwa ameokoa mikono inayolisha familia nzima.

Siku ya Ukoma Duniani huadhimishwa kila mwaka Jumapili ya mwisho ya Januari. Usiingoje. Leo jioni, unapooga, jitazame ngozi, kisha muulize mtoto, mama na babu kama kuna baka lisilohisi. Likiwepo, zungumza na mhudumu wa afya ya jamii anayezuru kijiji chenu au fika katika zahanati iliyo karibu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.