Goma: imani ambayo watoto wanaiona kwa macho

Wazazi wengi Wakristo wa mashariki mwa Congo wanatuma watoto kwenye katekisimu na masomo ya Biblia, wakifikiri kazi imekwisha. Lakini maisha ya Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, yanaonyesha kwamba imani inapokelewa zaidi kwa matendo.

Floribert, mzaliwa wa 1981, alikuwa mtumishi wa OCC, ofisi ya serikali inayochunguza ubora wa bidhaa zinazoingia inchini. Alipewa pesa ili aache chakula kilichoharibika kipite mpakani. Alikataa, kwa sababu chakula hicho kingedhuru watu. Mwezi wa saba 2007 alitekwa nyara, akateswa na kuuawa. Alikuwa na miaka 26.

Kama memba wa Jumuiya ya Sant'Egidio, alikuwa pia akisaidia watoto wa barabarani kupitia Shule ya Amani. Watoto hao walimwona akiishi yale aliyokuwa akiwafundisha. Tarehe 15 mwezi wa sita 2025, Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri mjini Roma.

Kwa wazazi, swali ni hili: mtoto anajifunza nini akiona baba anasali siku ya Mungu, kisha siku ya kazi ya kwanza anaomba matabishi? Sala za jioni na katekisimu vinaendelea kuwa na maana. Lakini mtoto anakumbuka zaidi siku mzazi alipokataa pesa chafu, hata kama nyumbani unga ulikuwa umekwisha.